Mdogo Wetu Anasoma Mapafu: Mambo Ambayo Kila Mke na Kila Bi Harusi Ayajue



Kila akija mgeni nyumbani akauliza mdogo wetu anasomea nini, huwa tunatazamana kwanza. Tukisema "udaktari", nyuso zinachangamka. Tukiongeza "bingwa wa patholojia", hapo hapo suali linakuja: "Hiyo si ile kazi ya mochwari?" Kuna posa moja ililetwa kwa heshima zote, ikaishia kwenye suali hilo. Mama wa kijana alisema hataki mkamwana anayeshika maiti mchana kisha usiku aje kumsongea ugali. Mdogo wetu alicheka. Sisi tulikasirika, tukanyamaza kwa adabu.

Leo tumeona tusinyamaze tena. Kazi anayoisomea inawahusu wanawake walio hai kuliko wengi wanavyodhani, na utafiti anaoufanya sasa umegusa nyumba yetu wenyewe.

Kazi yenyewe ni ipi

Daktari akikuta uvimbe, uwe kwenye titi, kizazi, shingo au pafu, picha ya eksirei humwonesha kuwa kuna kitu. Haimwambii ni kitu gani. Anayejibu suali hilo ni daktari wa patholojia. Mgonjwa hamwoni, wala hajui jina lake, lakini dawa atakayopewa, upasuaji atakaofanyiwa, hata kuambiwa "nenda nyumbani, huna saratani", yote yanasubiri karatasi yenye saini yake.

Mdogo wetu alitueleza hatua kwa hatua, tukiwa tumekaa barazani. Kipande cha nyama kinachokatwa kwa mgonjwa, pengine kidogo kama punje ya mchele, hutiwa kwenye fomalini ili kisioze. Kisha hukaushwa maji yake na kuzamishwa katika nta ya parafini mpaka kiwe kigumu. Kitalu hicho cha nta hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali, ukanda mwembamba wa mikroni 3 hadi 5. Unywele wa kichwani una mikroni kama 70, basi pigeni hesabu wenyewe. Ukanda huo hulazwa juu ya kioo na kupakwa rangi mbili: hematoksilini, inayotolewa kwenye mti wa Amerika ya Kati na kutia viini vya seli buluu ya zambarau, na eosini inayotia sehemu nyingine rangi ya waridi. Hapo ndipo kioo kinapowekwa chini ya hadubini.

"Ni kama kusoma khanga," alituambia. "Ukizoea mji wake na pindo lake, ukiona uzi umekwenda kombo unajua."

Wapo waliomuuliza kama ni sawa kwa binti wa Kiislamu kushughulika na viungo vya watu. Tunawakumbusha kuwa Ibn al-Nafis, tabibu na mwanachuoni wa fiqhi aliyeishi Damascus na Cairo na kufariki mwaka 1288, ndiye aliyeandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo lazima ipite kwenye mapafu kabla ya kufika upande wa kushoto. Ulaya walikuja kuandika jambo hilo zaidi ya miaka 250 baada ya kufa kwake. Kusoma mapafu kumo katika turathi yetu.

Mama mdogo

Mama yetu mdogo hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Alikuwa mpishi wa shughuli. Kama umekula biriani ya harusi mjini katika miaka ile, huenda ilitoka mkononi mwake. Masufuria makubwa, mafiga matatu, kuni za mkarafuu au makumbi ya nazi, na yeye ameinama juu yake tangu alfajiri, kitambaa mdomoni, macho mekundu. Nyumbani akipikia mkaa. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvutaji mkubwa na akivutia chumbani.

Alianza kukohoa. Akapungua mwili. Hospitali moja aliyokwenda walimpiga picha ya kifua, wakaona doa, wakasema kifua kikuu. Makohozi yalipimwa na vijidudu havikuonekana, lakini dawa akaanzishwa, kwa kuwa kwetu kifua kikuu ni kingi na picha ilifanana. Akameza vidonge miezi sita kamili. Hakukosa hata siku moja. Doa halikuondoka. Mwishowe mbavu zikajaa maji, akapelekwa Dar es Salaam, akatolewa kipande cha pafu. Jibu lilikuja: adenokasinoma, saratani ya pafu inayoanzia kwenye seli zinazotoa ute. Tayari ilikuwa imeenea.

Maneno yalikuja kabla ya mikeka kutandikwa. Wapo walionong'ona kuwa lazima alikuwa akivuta kwa siri. Wengine wakasema ni shisha. Mwanamke aliyefunga Jumatatu na Alhamisi maisha yake yote akawa anatetewa heshima yake akiwa kitandani.

Jambo jingine lilikuwa zito zaidi. Binti yake wa pekee alikuwa ameshaposwa, mahari imeshatajwa, na siku imebaki miezi minne. Wakubwa walikaa kikao. Rai yao ilikuwa ugonjwa ufichwe mpaka nikaha ipite, wasije upande wa bwana harusi wakasema ni ugonjwa wa ukoo au wa kuambukiza. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamsitiri mtoto.

Binti aliwasikiliza, akainuka, akasema maneno ambayo hatuyasahau: "Ndoa nikiianza kwa kumficha mama yangu, nitakuwa nimemzika kabla ya wakati wake." Akaomba mjomba amwite mchumba, akamweleza mbele ya mahram wake. Mdogo wetu, wakati ule yuko mwaka wa mwanzo wa mafunzo, aliitwa aeleze. Alisema saratani haiambukizi, si kwa kikombe wala kwa pumzi. Alisema kuwa na mzazi mwenye saratani ya pafu kunaongeza hatari kwa kiasi fulani, lakini si hukumu, na kwamba moshi ambao mama na binti wameuvuta pamoja miaka yote unastahili kuogopwa kuliko damu.

Kijana aliuliza jambo moja tu: "Mama ataweza kukaa siku ya nikaha?" Harusi ikasogezwa mbele badala ya nyuma. Nikaha ilisomwa sebuleni, mama mdogo ameegemezwa mito mitatu, amevaa dera la kijani, amepakwa hina ncha za vidole. Aliishi miezi saba baada ya hapo. Mwenyezi Mungu amuweke pema peponi, amin.

Kikohozi si kifua kikuu siku zote

Ilipofika zamu ya mdogo wetu kuchagua mada ya tasnifu yake, hakufikiri sana. Anapitia vitalu vya nta vilivyohifadhiwa kwenye maabara, vya vipande vya mapafu ya wanawake, anavikata upya na kuvisoma. Anatafuta ni aina gani za uvimbe zilizomo, na ni wangapi kati ya wanawake hao walikuwa wameshapewa dawa za kifua kikuu kabla ya uvimbe kujulikana. Ruhusa ya kamati ya maadili anayo, na majina yote yamefichwa kwa namba. Stara ya mgonjwa haiishi kwa kuwa kipande chake kimo kabatini. Kazi bado haijakamilika, kwa hivyo matokeo yake tutayaacha mpaka ayatoe mwenyewe inshaallah.

Lakini yapo yaliyokwisha kujulikana duniani, na haya tunaweza kuyasema.

Kifua kikuu na saratani ya pafu hufanana sana: kikohozi kisichokwisha, kukonda, kutoka jasho, pengine damu kwenye makohozi. Hata kwenye eksirei vinaweza kufanana. Tofauti inaonekana kwa vipimo. Makohozi hupimwa kwa hadubini, au kwa mashine ya GeneXpert iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ambayo hutoa jibu kwa muda wa kama saa mbili. Ikiwa vijidudu havikuonekana na mgonjwa anameza dawa bila nafuu baada ya miezi miwili, hapo ndipo pa kurudi kwa daktari na kuuliza kwa upole: "Je, hakuna haja ya kuchukua kipande?"

Na si kila uvimbe wa pafu ni saratani. Upo unaoitwa hamatoma, ambao hauenei mwilini. Lipo bonge linaloachwa na kifua kikuu chenyewe. Na wakati mwingine saratani iliyomo pafuni imetoka pengine, kwa wanawake mara nyingi kwenye titi. Ndiyo maana mdogo wetu hutumia rangi maalumu za kingamwili kuuliza seli asili yake. Alama iitwayo TTF-1, kwa mfano, huonekana kwenye adenokasinoma nyingi zilizoanzia pafuni, lakini kwa kawaida haionekani kwenye zile za titi. Tiba ya hii si tiba ya ile.

Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba baadhi ya saratani za pafu zina badiliko katika jini iitwayo EGFR, na zenye badiliko hilo huitikia vidonge maalumu. Badiliko hilo huonekana zaidi kwa wanawake na kwa wasiovuta. Kwa hivyo kipande kile kidogo kama punje ya mchele ndicho kinachoamua kama mgonjwa atafaa kupewa vidonge hivyo.

Hajawahi kuvuta hata siku moja

Saratani ya pafu ndiyo inayoongoza duniani. Mwaka 2022 watu karibu milioni 2.5 waligunduliwa nayo, na kiasi cha milioni 1.8 walifariki. Sigara ndiyo sababu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini inakadiriwa kuwa kati ya watu 10 na 25 kwa kila wagonjwa 100 hawakuwahi kuvuta, na wengi wao ni wanawake.

Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia wake 91,540 wasiovuta kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya pafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Makampuni ya tumbaku yalimpinga kwa nguvu, lakini tafiti nyingi zilizofuata zilimuunga mkono.

Huko Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China, wanawake karibu wote hawakuvuta, lakini saratani ya pafu iliwaandama kwa kiwango cha kutisha. Sababu ilikuwa makaa ya mawe yenye moshi mzito, yaliyowashwa kwenye shimo katikati ya nyumba, bila bomba la kutolea moshi. Familia zilipojenga majiko yenye bomba, hatari ilishuka. Hawakubadilisha damu yao wala ukoo wao. Walitoa moshi nje.

Sisi hatupikii makaa ya mawe. Lakini moshi wa kuni ndani ya nyumba nao umewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo vya watu kama milioni 3.2 duniani, kwa maradhi ya moyo, kiharusi, mapafu na watoto kupata nimonia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, na ambao Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Unguja, ameufanya ajenda yake, unataka Watanzania 80 kwa kila 100 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwetu neno hili si la siasa. Tunamkumbuka mama mdogo na mafiga yake.

Na udi wetu jee?

Tulijua mtauliza. Hata sisi tuliuliza, tena kwa hofu, kwa sababu harusi ya Kizanzibari bila chetezo ni harusi gani?

Mdogo wetu alitujibu kwa uadilifu. Utafiti mkubwa wa Wachina wa Singapore, uliotolewa mwaka 2008 na kuhusisha watu zaidi ya 61,000, haukukuta kuwa uvumba unaongeza saratani ya pafu kwa ujumla. Ulikuta kuwa waliouwasha kila siku kwa miaka mingi walipata zaidi aina moja ya saratani za njia ya hewa. Na mwaka 2013 watafiti waliopima moshi wa udi unaotumika Umoja wa Falme za Kiarabu, ule wa kuchomwa juu ya mkaa kama wetu, walikuta unatoa gesi ya kaboni monoksidi na kemikali zinazowasha seli za mapafu.

Kwa hivyo hatukuambieni mzime vyetezo. Harufu nzuri ni sunna na ni pambo la nyumba. Tunakuambieni hivi: fungueni madirisha, kiasi kiwe kidogo, na mfukize kwa dakika chache badala ya kuacha unafuka saa nzima. Mtoto mchanga, mjamzito na mwenye pumu wasikae chumba hicho. Na enyi masomo na makungwi wetu, bi harusi msimfunike shuka juu ya chetezo katika chumba kilichofungwa. Gesi ya mkaa haina harufu, na kizunguzungu chake si haya ya bi harusi. Nguo unaweza kuzifukiza pembeni na ukazivaa zikanukia vile vile.

Bi harusi na suali la moshi

Wakati wa posa tunauliza mengi: ukoo, dini, kazi, nyumba ipo wapi. Siku hizi, alhamdulillah, tunauliza na vipimo vya damu. Basi ongezeni suali moja, kupitia walii wako kama unaona haya: "Anavuta?" Kama anavuta, masharti yanaweza kuzungumzwa mapema. Asivutie ndani, asivutie mbele ya watoto, na ajitahidi kuacha. Dini yetu imetukataza kujidhuru na kudhuru wengine, na pafu la mke ni katika hao wengine. Shisha nayo ni tumbaku. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kikao kimoja cha shisha kinaweza kumfanya mtu avute moshi wingi wake sawa na wa sigara 100 au zaidi.

Na katika vyombo vya kuanzia maisha, kabla ya seti ya tatu ya vikombe, ulizia jiko la gesi au la umeme. Mahari ni yako. Ukitaka sehemu yake iwe mtungi na jiko, hakuna aibu.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani

Haya mdogo wetu alitusomea, nasi tukayaandika:

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapime. Ukitoa damu, usingoje wiki mbili.

Ukipewa mkononi kipande cha mgonjwa upeleke maabara, kwani kwetu ndugu ndio hubeba, hakikisha kimo kwenye fomalini ya asilimia 10, na dawa iwe kiasi cha mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kisitiwe maji ya bomba, wala kisikaushwe kwenye pamba. Kwa vipande vingi, muda mzuri ndani ya fomalini ni kati ya saa 6 na saa 72, kwa hivyo usikiache kikakaa nyumbani mpaka wiki ijayo.

Kichupa kiwe na jina, na fomu ijazwe. Mwambie daktari aandike kama mgonjwa amewahi kuugua titi, kama amepewa dawa za kifua kikuu, na kama amepikia kuni. "Fomu tupu," anasema mdogo wetu, "ni kama kuletewa khanga imekatwa jina."

Jibu likitoka, omba nakala na uitunze pamoja na cheti chako cha ndoa. Utakapopelekwa hospitali nyingine, utaulizwa.

Na mgonjwa mwenye akili timamu aambiwe ukweli wake kwa upole. Ana wasia wa kuandika, madeni ya kulipa, watu wa kuombana nao msamaha. Mama mdogo alipojua alimwita kila mmoja wetu. Mapishi yake yote alituachia, isipokuwa achari ya maembe, aliyosema ni ya binti yake peke yake.

Kuhusu mdogo wetu, posa nyingine imekuja. Kijana mwenyewe alitaka kujua anachokisoma, wakazungumza mbele ya baba kwa saa nzima juu ya mapafu. Baba alisinzia. Tunaomba dua zenu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awape maharusi wetu nyumba zenye harufu nzuri na hewa safi. Amin, amin ya Rabbal-alamin.